GTX 750 Ti: Sifa za kadi ya grafiki ya 2014 ambayo bado inafaa kompyuta za mtumba Kilwa na Lindi

Kadi ya grafiki ya GeForce GTX 750 Ti ilitolewa na kampuni ya NVIDIA ya Marekani tarehe 18 Februari 2014, bei ikianzia dola 149. Kwa umri wa vifaa vya kompyuta, huyo sasa ni babu. Lakini bado ni moja ya kadi chache ambazo fundi anaweza kuzichomeka kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi, akafunga skrubu, akawasha, na picha ikatokea bila kuongeza waya hata mmoja.

Sababu ni namba moja: wati 60.

Hiyo ndiyo namba ya kuangalia kwanza, kabla ya GB na kabla ya jina lililoandikwa kwenye boksi. Mtu wa Kilwa Masoko anayeagiza kadi kutoka Kariakoo hana nafasi ya kukosea mara mbili. Yuko kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na barabara yenyewe ina siku zake. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Hata siku za kawaida, kurudisha kadi iliyokataa ni nauli ya mzigo, siku kadhaa za kusubiri, na mabishano na muuzaji kwenye simu.

Sifa kwa ufupi

Chipu: GM107, familia ya Maxwell, nanomita 28, transista bilioni 1.87
Viini vya CUDA: 640
Mwendo wa chipu: MHz 1,020, hupanda hadi 1,085
Memori: GB 2 za GDDR5, njia ya biti 128
Kasi ya memori: GB 86.4 kwa sekunde
Umeme: wati 60
Pawa saplai inayopendekezwa: wati 300
Sloti: PCIe 3.0 x16
Matundu ya picha: DVI mbili na HDMI ndogo
DirectX: 12, kwa kiwango cha 11_0

Matundu hayo ni ya muundo wa NVIDIA yenyewe. Kampuni zilizounda kadi zake kwa chipu hiyohiyo ziliweka za kwao: nyingine zina HDMI ya kawaida, nyingine VGA, nyingine DisplayPort. Mwenye monita ya zamani ya VGA aulize mapema.

Wati 60 zina maana gani

Kompyuta nyingi za mezani zinazofika mikoani kama mtumba zilianza maisha kwenye ofisi za nje: Dell OptiPlex, HP Compaq na ndugu zao. Zilitengenezwa kwa barua, Excel na kuprinti. Pawa saplai zake ni ndogo. OptiPlex 7010 ya kasha dogo ina wati 240. OptiPlex 9020 ya kasha refu ina wati 290. (Kasha ni lile boksi ambalo mtaani wengi wanaliita “CPU”, ingawa CPU halisi ni kichipu kimoja tu ndani yake.)

Mara nyingi pawa saplai hizo hazina ule waya wa ziada wa pini sita ambao kadi kubwa zinaudai. Kwa hiyo kadi inabaki kutegemea sloti peke yake, na kwa kanuni za PCIe, sloti ndefu ya x16 inatoa hadi wati 75. Kadi ya wati 60 inatosha humo na nafasi inabaki. Kadi ya wati 120 haitoshi, hata kama duka linaiuza kwa bei ya kutupa.

Mwaka 2014 hilo lilikuwa jambo jipya kwa kadi yenye nguvu ya maana. GTX 650 Ti, iliyotangulia, ilikuwa na viini 768 lakini ilikula wati 110 na ilihitaji waya wa ziada. GTX 750 Ti ilikuja na viini vichache zaidi, ikala karibu nusu ya umeme huo, na bado ikaipita mwenzake kwenye gemu nyingi.

Siri iko kwenye mpangilio wa Maxwell. Viini vilipangwa upya katika makundi ya 128 badala ya 192, ili visikae bure vikisubiri kazi. Halafu hifadhi ya karibu iliyomo ndani ya chipu ikaongezwa: chipu ndogo ya kizazi kilichotangulia, GK107, ilikuwa na KB 256, GM107 ikapewa MB 2. Chipu haikulazimika tena kukimbilia memori ya nje kila mara, na safari hizo ndizo zinazokula umeme. Ni tofauti ya mpishi mwenye mtungi wa maji jikoni na yule anayetoka kwenda kisimani kila akitaka kikombe kimoja.

Yapo mambo matatu ya kuangalia hapa, na yote yanamhusu mnunuzi wa mbali.

Kwanza, NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 300. Wapo wengi wanaoendesha kadi hii kwa wati 240 na mambo yanakwenda, lakini pawa saplai iliyokaa kazini zaidi ya miaka kumi siyo ile iliyotoka kiwandani. Kompyuta ikizima ghafla gemu au video inapopamba moto, mshukiwa wa kwanza ni huyo.

Pili, baadhi ya kompyuta za kasha dogo zimewekewa ukomo wa chini ya wati 75 kwenye sloti na mtengenezaji mwenyewe. Kitabu cha mashine kinaandika. Kwa mashine za aina hiyo, GT 1030 ya wati 30 ni salama zaidi, ingawa nguvu yake ni ndogo.

Tatu, siyo kila GTX 750 Ti haina waya. Kampuni kadhaa ziliongeza tundu la pini sita ili kadi iweze kuendeshwa kwa mwendo mkubwa zaidi. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, mnunuzi aombe picha ya ukingo wa juu wa kadi. Kama kuna tundu jeusi lenye vishimo sita mwishoni, hiyo siyo ya kompyuta ya ofisi.

Kuna na suala la kimo, ambalo watu hulisahau mpaka kadi iko mkononi. Kasha dogo linataka kadi ya nusu kimo na lile bati fupi la nyuma. GTX 750 Ti za kimo hicho zipo, lakini zile za kawaida ni nyingi zaidi, na kadi ya kawaida haitaingia hata kwa dua. Rula ya shule inamaliza ubishi.

LUKU inasemaje

Kadi ya wati 60 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa tano kwa siku inakula uniti 0.3. Kwa siku 30 ni uniti 9. Radeon RX 580 ya AMD ya mwaka 2017, ambayo ni moto zaidi na ilitumika sana kuchimba sarafu za kidijitali, imepimwa wati 185. Kwa saa hizohizo inafika karibu uniti 28 kwa mwezi.

Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, kadi ya pili peke yake inameza zaidi ya theluthi. Hapo bado kompyuta yenyewe, monita, taa na feni. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyohiyo ya Kilwa, imekuwa ikifua umeme Ubungo tangu 2004, lakini mita ya nyumbani haimpunguzii mtu kwa kuwa jirani na kisima.

Kwa anayetumia betri na inveta au jenereta ndogo umeme ukikatika, tofauti hiyo ya wati 125 ndiyo inayoamua kama kazi ya mteja itakamilika au itaishia njiani.

Jina moja, kadi tofauti

Hapa ndipo watu wanapigwa.

GTX 750 isiyo na “Ti” ni kadi nyingine. Ina viini 512 badala ya 640, ilitoka na GB 1 ya memori, na kasi yake ya memori ni GB 80 kwa sekunde. Siyo mbaya, ila isiuzwe kwa bei ya Ti.

Kubwa zaidi ni GT 730, kadi ya mwaka huohuo wa 2014 ambayo inapatikana kirahisi na ambayo muuzaji atakwambia ni “ileile tu”. Chini ya jina hilo NVIDIA iliweka kadi tatu tofauti: moja ya viini 96 vya teknolojia ya zamani ya Fermi, ya pili ya viini 384 na memori ya DDR3 kwenye njia ya biti 64, na ya tatu ya viini 384 na memori ya GDDR5. Ile ya DDR3 ya biti 64 ina kasi ya GB 14.4 kwa sekunde. GTX 750 Ti ina 86.4. Ni mara sita kamili.

Na bado kuna GT 730 zilizowekewa GB 4 za DDR3. Mnunuzi anaona 4 kubwa kwenye boksi, anaona 2 kwenye GTX 750 Ti, anachukua yenye 4. Ni kama kununua tenki kubwa la maji lenye bomba la kipenyo cha penseli: maji yapo, hayatoki. Kwa kadi ya grafiki, aina ya memori na upana wa njia yake vina uzito kuliko ukubwa wa memori.

GT 1030 nayo ina mtego wake. Ilipotoka Mei 2017 ilikuwa na GDDR5 yenye kasi ya GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likaja toleo la DDR4, jina lilelile, GB 2 zilezile, kasi ikashuka hadi 16.8. Anayeitaka GT 1030 kwa ajili ya kasha dogo ahakikishe neno GDDR5 limeandikwa.

Halafu kuna feki kabisa. Hizi ni kadi za kizazi cha Fermi, za miaka ya 2010 na 2011, ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili Windows iione kama GTX 750 Ti au GTX 1050 Ti. Stika mpya, feni mpya, boksi linang'aa. Ukiingia kwenye Windows jina linasomeka vizuri, lakini gemu linaganda au draiva inagoma kukaa.

Dawa yake ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Tangu 2018 inatambua kadi za NVIDIA za aina hiyo na kuandika neno la tahadhari mbele ya jina. Muuzaji aombwe kuichomeka kadi, afungue GPU-Z, na atume video ya skrini, siyo picha ya zamani. Vinavyotakiwa kuonekana ni GM107, viini 640, GDDR5, biti 128 na 86.4. Muuzaji anayekataa kufanya kazi hiyo ya dakika tano kwa kadi anayodai ni nzima, amejibu swali.

Kazi za harusi na video za simu

Kwa studio za picha za Lindi mjini, Kilwa Masoko au Nachingwea, kadi kama hii hainunuliwi kwa gemu. Inanunuliwa kwa harusi, mahafali na matangazo ya biashara. Programu za kuhariri video kama Adobe Premiere Pro zimekuwa zikitumia viini vya CUDA kupaka rangi, kuongeza maandishi na kurenda. Juu ya hapo, GTX 750 Ti ina sehemu maalumu ya kufunga video za H.264, hivyo prosesa ya zamani inapumua.

Tatizo linaanzia kwenye simu iliyorekodi.

Simu nyingi za sasa zinarekodi kwa umbizo la HEVC, linaloitwa pia H.265, kwa sababu faili linakuwa dogo. iPhone zimekuwa zikifanya hivyo kwenye mpangilio wake wa kawaida tangu iOS 11 ya mwaka 2017, kuanzia iPhone 7. GTX 750 Ti haina kifaa kamili cha kufungua HEVC. Mzigo wote unarudi kwa prosesa, video inakatakata kwenye meza ya kuhariri, na fundi anailaumu kadi au “virusi”.

Njia rahisi ni kubadilisha mpangilio wa kamera kabla ya sherehe, simu irekodi H.264. Faili litakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo nafasi kwenye simu ihesabiwe mapema. Bibi harusi hatarudia kuingia ukumbini kwa sababu simu imejaa. Kama video zimeshachukuliwa, zigeuzwe kwanza kuwa H.264 usiku mmoja, kazi ianze asubuhi.

Kuna na msaada ambao wengi wanaufunga bila kujua. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 zina chipu ya picha ndani yake inayofungua HEVC ya kawaida, na za kizazi cha 7 zinafungua hata ile ya biti 10. Mwenye kompyuta ya umri huo asiizime chipu hiyo baada ya kuweka kadi. Kizazi cha 3 na cha 4, ambavyo ndivyo vilivyomo kwenye OptiPlex 7010 na 9020, havina msaada huo.

Kwa 4K, GB 2 za memori ni chache. Video za HD Kamili zinakwenda, mradi maandishi na madoido yasirundikwe.

Kazi nyingine inayoonyesha nguvu na mwisho wa kadi hii iko ng'ambo ya maji kutoka Kilwa Masoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, yalipimwa kwa leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, yakatengenezewa picha za pande tatu. Picha za aina hiyo ni pembetatu kwa mamilioni, na kuzichora ndiyo kazi hasa ya kadi ya grafiki. GTX 750 Ti inaweza kuzungusha modeli iliyopunguzwa kwa ajili ya darasa au wageni. Modeli kamili yenye kila jiwe itajaza GB 2 mapema.

Gemu

Kwa hesabu ya karatasi, kadi hii inafanya mahesabu trilioni 1.3 kwa sekunde. PlayStation 4, iliyotoka miezi mitatu kabla yake, ina trilioni 1.84. Hiyo inatosha kumpa mtu picha ya mahali ilipo.

Valorant inapendekeza GT 730 kwa fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo hapa inakwenda bila jasho. GTA V inapendekeza GTX 660, ambayo iko juu kidogo ya hii, ila inachezeka vizuri mambo yakipunguzwa. Gemu mpya kubwa ni hadithi nyingine. DirectX 12 ya kadi hii ni ya kiwango cha 11_0, na gemu zinazodai viwango vya juu zaidi hazitafunguka hata picha zikishushwa hadi chini kabisa.

Draiva na Windows

Toleo la mwisho la kawaida la draiva za gemu kwa familia za Maxwell na Pascal NVIDIA ililipanga kuwa la Oktoba 2025. Baada ya hapo ni masasisho ya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. Kadi haizimiki tarehe hiyo. Kinachokosekana ni marekebisho kwa gemu na programu mpya.

Mwezi huohuo, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Kuhusu Windows 11, kadi yenyewe inakubalika. Kinachokataliwa ni prosesa, kwa kuwa Microsoft inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo mtu asiambiwe abadilishe kadi ili apate Windows 11.

Chumvi ya bahari

Kadi ya zaidi ya miaka kumi ikiletwa pwani inakutana na hewa yenye chumvi. Kwenye video ya muuzaji, matundu ya DVI na HDMI yaangaliwe: ukungu wa kijani ni shaba iliyoanza kuliwa. Zile pini za dhahabu za chini zinafutwa kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ile pesti ya kijivu kati ya chipu na kipoza joto huwa imeshakuwa unga, ibadilishwe kabla kadi haijaanza kazi, siyo baada ya kulalamika. Feni isukumwe kwa kidole, ikikwaruza, imekwisha.

Mwishoni kuna bei. GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016 ina viini 768, GB 4 za GDDR5 zenye kasi ya GB 112 kwa sekunde, inafungua HEVC, na kwa muundo wa kawaida inaishia wati 75 bila waya. Draiva zake ziko kwenye ratiba ileile ya 2028. Kama ni halisi, inaingia kwenye kasha, sloti inatoa wati 75 kamili, na tofauti ya bei haizidi kazi ya harusi moja, studio ichukue hiyo. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hapo, GTX 750 Ti isiyo na tundu la pini sita inabaki kwenye hesabu.